Nilimzika mama jicho kavu, nikamlilia wa kwenye runinga

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, nimeolewa, nina watoto wawili na naishi Tanga mjini. Nafanya kazi kwenye duka la dawa. Naomba usitaje jina langu wala mtaa, maana huku tunajuana sote. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Najua mtu akiisikia atasema ni upuuzi, ni habari za tamthilia na stika. Lakini imenikaa kooni, haipandi haishuki.

Mama yangu alifariki mwaka jana mwezi wa tano, Pangani, kwa presha. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na wa kike ni mimi peke yangu. Simu ilinikuta kazini saa nne asubuhi. Saa nane mchana nilikuwa Pangani na daftari mkononi: mchele kilo ngapi, maturubai yanatoka kwa nani, wageni wa Dar watalala wapi, nani kaleta rambirambi na kiasi gani. Kila aliyenikumbatia aliniambia, "Jikaze, wewe ndiye mkubwa, wadogo zako wanakutazama." Nikajikaza. Siku ya tatu tukaanua tanga, nikahesabu sahani na masufuria ya watu nikayarudisha nyumba kwa nyumba, na sikuwa nimetoa hata tone. Arobaini ikapita vilevile. Mmoja wa mashangazi zangu alisema jikoni, akidhani simsikii, "Mtoto huyu ana moyo wa jiwe."

Sasa nikueleze habari ya tamthilia. Mama na mimi tulikuwa washabiki wakubwa. Alianza zamani kwenye runinga ya jirani, na mwaka 2011 TBC walipoonyesha ile ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya Doudou na mama wakwe zake, alikuwa akimsema Doudou kama mkwewe mwenyewe. Miaka ya karibuni ilikuwa ni hizi za Kituruki. Yeye Pangani, mimi Tanga, saa ileile, chaneli ileile. Matangazo yakiingia tu simu inaita: "Umemwona yule nyoka?" Hakuna shikamoo wala hujambo. Hii ya mwisho ilikuwa na madada wawili. Mdogo alimdhulumu mkubwa nyumba ya urithi, akamfukuza na wanawe usiku wa mvua. Mimi nilitaka mkubwa asamehe. Mama alikuwa hataki kabisa. Tulibishana miezi.

Mama alipoondoka tamthilia ilikuwa haijaisha. Niliendelea kuitazama. Sikumwambia mtu kwa nini.

Mwezi wa kumi mama wa wale madada akawa mahututi. Amelala hospitali, mabomba puani, binti mkubwa anaingia kutoka safari ya mbali. Mimi nimekaa nikingoja wosia, nikingoja aseme habari ya nyumba. Yule mama akageuza shingo polepole, na kwa ile sauti ya Kiswahili waliyomtia akasema, "Umeshakula, mwanangu?"

Mama, nilivunjika. Nilichukua mto wa kochi nikaung'ata nisije nikawaamsha watoto. Kufa kwake kulichukua jioni tatu, na jioni zote tatu nililia. Siku ya pili sikwenda kazini, nikadanganya kwamba nina malaria. (Mama yangu naye kila akipiga mchana ndivyo alivyoanza, umeshakula. Hata siku moja kabla hajafa aliniuliza hivyo, nikamjibu nina wateja, nitakupigia.)

Mume wangu alinikuta jioni ya kwanza. Akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Tamthilia tu." Akacheka, akatoa simu akanipiga picha: mtandio umekwenda upande, makamasi, mdomo wazi. Akamtumia dada yake, na huyu wifi yangu ni fundi wa kutengeneza stika. Akanikata vizuri kukizunguka kichwa, chini akaandika kwa herufi kubwa: MAREHEMU ALIKUWA MTU WA WATU.

Sitasema uongo, nilipoiona nilicheka. Ikasambaa. Luku ikikata, stika. Simba ikifungwa, stika. Mtu kaunguza maandazi, stika. Mimi mwenyewe nimeituma, bando langu lilipokwisha katikati ya maongezi. Kuna mteja alikuja kununua dawa ya kikohozi akawa ananionyesha vichekesho kwenye simu yake, akafika kwenye ile. Akacheka, akanitazama, akaitazama simu, akanitazama tena. Nikampa chenji yake.

Mwezi uliopita mdogo wangu aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, upande wetu, tangazo la hitima ya mama ya kutimiza mwaka. Tarehe, mahali, mchango wa kila nyumba. Chini yake binti wa mjomba wangu akaiweka stika ile. Najua hakuwa na nia mbaya, kwake ni stika ya msiba na msiba umetajwa. Watu 11 wakaweka emoji za kucheka. Wa 12 ni mimi. Kidole kilikwenda chenyewe.

Tangu usiku ule sina raha. Nilimwambia mume wangu kwamba natamani ile stika ipotee. Akanijibu, "Mama yako ulimzika jicho kavu, ukaja kumlilia Mturuki. Sasa tumlaumu nani?" Alikuwa anatania, tumetaniana hivyo tangu uchumba. Sikumjibu. Ni wiki mbili sasa tunazungumza habari za ada na unga tu. Usiku wakilala naingia YouTube natazama vipande vya ile tamthilia mpaka saa nane, hasa kile cha hospitali. Na juzi binti yangu wa miaka 12 ameniuliza, "Mama, kwani bibi ulikuwa humpendi?"

Hitima ni mwisho wa mwezi huu. Je, mimi nina kasoro gani? Nijitoe kwenye makundi? Niwaambie waifute, nionekane sijui utani? Au niache kabisa kutazama hizi tamthilia, maana ndizo zilizonifikisha hapa?

Binti wa Pangani

* * *

Marahaba, binti yangu, na pole. Nakupa pole ya mama kwanza, kwa sababu nina shaka kama ipo hata moja uliyoipokea mwaka jana. Zilikuwa zinakuja nawe unaziandika daftarini pamoja na kiasi.

Nikuambie nilivyoielewa barua yako, na nikikosea unisahihishe. Ulimpoteza mama ukiwa na kazi nyingi mno za kumzika, hukulia. Miezi mitano baadaye ukalia mbele ya runinga, ukalia sana, na kilio hicho kikapigwa picha, kikatiwa maneno, kikawa kicheko cha watu. Kicheko kikazunguka mpaka kikarudi kikakaa chini ya jina la mama yako mwenyewe, na wewe ukacheka pamoja nao. Unayesikia uchungu naye zaidi, nadhani, si wifi wala mumeo. Ni yule wa 12.

Kabla ya stika, kuna maneno uliyoyatia kwenye mabano. Umenieleza kwa kirefu habari za mchele, maturubai, mteja wa dawa ya kikohozi. Lakini habari ya simu ya mwisho umeifungia kwenye mabano mawili ukapita haraka, kama mtu anayepita mbele ya mlango asiotaka ufunguke. Nimesimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. "Nina wateja, nitakupigia." Sitakuambia usijilaumu, kwa sababu kuambiwa hivyo hakujamsaidia mtu yeyote niliyewahi kuzungumza naye. Nakuomba tu uitazame simu ile pamoja na nyingine zote. Mama huyu alikuwa anakupigia kila matangazo yakiingia, bila shikamoo, akutajie nyoka. Alikuwa na mwanawe muuza dawa kwa miaka, na jibu la nina wateja atakuwa alilisikia mara mia. Sikumjua mama yako, kwa hiyo siwezi kusema alikata simu akiwa anawaza nini. Wewe unaweza. Umewahi kujiuliza jambo hilo kwa utulivu, au kila ukilifikia unarudi nyuma?

Sasa huyo Mturuki. Mumeo ametoa hilo neno kwa utani, na wewe umelipokea kama hukumu. Mimi nina wasiwasi nalo tangu mwanzo. Mwigizaji aliyelala kwenye kile kitanda alisema maneno ya kwao. Aliyesema "umeshakula, mwanangu" ni mwanamke wa huku kwetu, amesimama mbele ya kinasa sauti, na kwa vile ni wa huku alijua mama wa Kiswahili akimwona mwanawe anaingia kutoka safari anauliza nini kwanza. Sauti hiyo ndiyo iliyokuangusha. Ilikuuliza swali uliloliacha hewani. Sasa niambie nani hapo alililiwa, mgeni wa Istanbul au mwenye swali?

Na hata kama ungekuwa umemlilia mhusika mwenyewe, usingekuwa wa kwanza. Tangu 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu ukaribu huu ambao mtazamaji anaujenga na mtu wa redioni au wa kwenye televisheni asiyemjua. Huko huko Uturuki, mwaka 2004, mhusika aliyeitwa Çakır aliuawa katika tamthilia ya Kurtlar Vadisi, na watazamaji wakamsalia sala ya maiti ya ghaibu. Mtu wa kutungwa, asiye na kaburi, kasaliwa. Wapo waliolaumu, na wa dini wana lao la kusema juu ya jambo hilo, lakini nikiwaza wale wanaume wamepanga safu siamini kwamba kila mmoja alikuwa anamfikiria Çakır peke yake. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuona. Aprili 2012, Steven Kanumba alipofariki, nilikwenda viwanja vya Leaders pale Dar es Salaam. Umati ule, wengi wetu hatukuwahi kumpa mkono Kanumba. Mama mmoja ubavuni mwangu alilia mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Alipotulia alianza kunihadithia habari za mwanawe aliyezama baharini, miaka tisa nyuma. Kanumba hakumtaja tena.

Kuna jambo umelisema bila kulitilia maanani: kwamba kifo cha yule mama kilichukua jioni tatu. Tamthilia hizi kwao huonyeshwa mara moja kwa wiki, sehemu moja huweza kupita saa mbili. Zikiuzwa nje hukatwa vipande vya dakika 45 hivi, ndiyo maana kitu walichokiona wao kwa usiku mmoja huku kinatuchukua siku kadhaa. Waliokata hawakukujua wewe. Lakini tazama ulichopata: jioni tatu za kulia, umekaa mahali pamoja, hakuna aliyekuuliza mchele umebaki kiasi gani. Mwezi wa tano, Pangani, siku tatu zile ulizitumia kuwahudumia waliokuja kulia.

Kwa hiyo ukiniuliza una kasoro gani, mimi nakuuliza ni nani alitakiwa akupokee daftari. Kuna mtu aliyekwambia, "Lete hilo, kaa chini"? Shangazi aliyesema moyo wa jiwe alikuwa jikoni; angeweza kulishika yeye. Sisemi hivi ili umkasirikie. Huenda na yeye alikuwa anatafuta mtu wa kumlaumu, msiba unafanya hivyo. Ila lile "jikaze" uliloambiwa na watu arobaini lilikuwa agizo, ukalitii, halafu waliokuagiza wakashangaa.

Tuje kwenye stika, nami nakiri hapa ni pagumu kuliko panavyoonekana, kwa sababu huwezi kuwa mtu wa Tanga ukasema kwenye msiba hapachekwi. Tumekua na watani. Mnyamwezi kwa Mzaramo, Mngoni kwa Mhehe, na kwetu wapo vilevile: mtani anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, anashuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Watu wanacheka na machozi yakiwa mashavuni. Hata wale vijana wa Ghana wanaocheza na jeneza mabegani, ambao mwaka 2020 picha zao zilizunguka simu za dunia nzima, wanaitwa na wafiwa wenyewe na wanalipwa. Kicheko kina kazi yake msibani.

Lakini mtani unamwona. Ana jina, ana deni na wewe, kesho msiba ni kwake na wewe utamfanyia. Na akishatania anashika jembe. Stika haina mtu wa namna hiyo nyuma yake. Ilipotengenezwa wifi yako alikuwa mtani, na wifi kumtania wifi ni jambo letu. Ilipofika kwa binti wa mjomba ilikuwa imeshapoteza mwenyewe. Imebaki sura na maneno. Ndiyo maana naamini unaposema hakuwa na nia mbaya, na ndiyo maana pia kukosa nia mbaya hakukupunguzii kitu.

Mumeo je? Umeandika kwamba alikuuliza kuna nini, ukamjibu, "Tamthilia tu." Basi alilojua ni hilo. Hujaniambia kama tangu siku ile umewahi kumpa jibu jingine. Unamnunia wiki mbili kwa kulidhihaki jambo ambalo, kwa kadiri ninavyosoma, hajaambiwa lipo. Usinielewe vibaya: mke akilia hivyo, kuchukua simu na kupiga picha hakukuwa kitendo cha kwanza kilichofaa, na maneno ya jicho kavu yanauma kwa mtu yeyote. Ila najiuliza. Mwanamume huyu alikuona huna machozi msiba mzima. Wapo wanaume wanaoogopa ukimya wa namna hiyo kuliko kelele, na utani ndiyo njia pekee wanayoijua ya kugonga mlango. Labda si yeye. Wewe unamjua, mmetaniana tangu uchumba.

Ukiamua kumwambia, kuna hatari yake. Anaweza kucheka tena, kwa aibu tu, na kicheko hicho kitakuwa kizito kuliko cha kwanza. Anaweza kujitetea kuwa na wewe ulicheka, na itakuwa kweli. Kama ni mimi, nisingeanza na stika. Ningeanza na simu ile ya mwisho, kwa maneno machache, mahali ambapo watoto hawapo na runinga imezimwa. Ukianza na stika mtazungumza habari za stika. Ukianza na "nilimwambia nitakupigia", pengine ataielewa stika mwenyewe bila wewe kuitaja.

Kuhusu kundi la ukoo, ujue mambo yalivyo kwenye simu. Stika hizi zilipoingia WhatsApp mwishoni mwa 2018 ziliwekwa ili kila anayeipenda aihifadhi kwake. Hata binti wa mjomba akiifuta pale alipoiweka, iko kwa waliokwisha kuihifadhi, na kwa mteja wako wa dawa ya kikohozi. Kwa hiyo ukiomba ifutwe, omba ukijua hivyo, usije ukaumia mara ya pili siku itakapotokea tena. Unachoweza kuomba, na watu wazima wanaweza kukitimiza, ni kwamba isiwekwe penye jina la mama. Ujumbe wa sentensi mbili: siku ile nilikuwa namlilia mama, naomba kwenye habari za hitima tusiitumie. Hatari ni kwamba utakuwa umelifungua jambo mbele ya watu wengi kwa mpigo. Wapo watakaokujia kwa pole nyingi, yupo atakayesema umekosa ucheshi, na binti wa mjomba anaweza kufadhaika mpaka asije hitimani. Kwa sababu yake ningemtafuta yeye kwanza kwa simu, kabla ya kundi. Wifi yako vilevile, kwa upole, maana ufundi wake uliupenda.

Kujitoa kwenye makundi kunawezekana. Utapumzika siku kadhaa. Sijui kama huko nje utawapata wengine waliomjua mama yako.

Na kunyamaza kabisa ukaacha lipite? Watu wengi hufanya hivyo, na mara nyingine hupita kweli. Naliogopa kwako kwa sababu ya binti yako. Ana miaka 12 na ameshaanza kutafuta jibu. Ameona bibi akizikwa bila machozi yako, ameona machozi ya tamthilia, ameona stika, na kwa akili ya kitoto ameunganisha. Umenitajia swali lake lakini hukuniambia ulimjibu nini. Kama hukujibu, bado kuna nafasi. Huhitaji kumpa hadithi yote. Ukimwambia jinsi bibi alivyokuwa akipiga simu kila matangazo yakiingia, na kwamba ukisikia neno umeshakula unamsikia yeye, ataelewa zaidi ya unavyodhani.

Tamthilia usizilaumu haraka. Ulikuwa unaendelea kuitazama ile baada ya mama kuondoka na hukumwambia mtu kwa nini. Mimi nadhani ninajua, na wewe unajua: mlikuwa mnaitazama wawili na mmoja hakufika mwisho. Ukiziacha leo kwa kujiadhibu utakuwa umefunga chumba mlichokuwa mnakaa naye. Kinachonitia hofu ni zile saa nane za usiku na kile kipande kimoja unachokirudia. Jana kililia nawe. Kesho kinaweza kukukausha. Angalia usingizi wako na chakula chako. Ukiona mwezi mwingine unapita hulali, kazi inaharibika, au unaanza kutamani kutokuwepo, usingoje safu ya gazeti. Nenda hospitali ya mkoa hapo Tanga uulize ofisa ustawi wa jamii, mwambie umefiwa na hulali. Wewe unauza dawa. Unajua watu wanavyochelewa mpaka ugonjwa ukomae.

Kwa hitima nina ombi moja, na unaweza kulikataa. Mwaka huu daftari mpe mdogo wako. Atakosea hesabu ya sahani, na sahani za watu zitarudi tu. Wewe fika Pangani siku moja kabla. Nenda kaburini na binti yako asubuhi, kabla maturubai hayajafika, msome mtakachosoma. Huenda ukalia, huenda jicho likawa kavu tena. Vyovyote itakavyokuwa usimhesabie mtu.

Kisha uniandikie. Na ukiandika, niambie yule dada mkubwa hatimaye alimsamehe mdogo wake au hakumsamehe. Mama yako aliondoka akiwa anangoja kujua, na sasa na mimi nangoja.